“Ukiolewa Utaacha”: Nani Kasema?



Leo sina habari za singo wala za mitindo ya hina. Nina neno, na najua litawakera baadhi yenu. Bora tukereke kidogo kuliko kunyamaza.

Hapa kwetu Mpendae hakukosekani mtoto wa kike mwenye mguu. Utamuona jioni kabla ya magharibi, anawachenga kaka zake uchochoroni na kanga imefungwa kiunoni. Akiwa na miaka kumi tunacheka na kumpigia makofi. Akifika kumi na nne tunaanza kumtazama kwa jicho jengine. Akifika kumi na saba anaambiwa: “Cheza tu mwanangu, ukiolewa utaacha.” Na wanaoisema kauli hiyo mara nyingi si masheikh wala waume. Ni sisi: mama, shangazi, somo, jirani.

Mimi nasema kauli hiyo si dini. Ni mazoea yaliyovishwa kanzu, na yanatugharimu.

Mnakumbuka Juni 2022? Katika Uwanja wa Amani, ambao kutoka Mpendae unakwenda kwa miguu, timu ya taifa ya wasichana chini ya miaka 17, Serengeti Girls, iliitoa Cameroon na kufuzu Kombe la Dunia lililochezwa India. Kabla ya hapo hakuna timu ya taifa ya Tanzania ya mpira wa miguu, ya wanaume wala ya wanawake, iliyowahi kufika Kombe la Dunia la FIFA. Wanaume wamecheza miaka yote hiyo, mlango ukaja kufunguliwa na wasichana, tena hapa hapa Unguja. Kule India wakafika robo fainali.

Mmoja wa washambuliaji wa mechi zile za kufuzu alikuwa Clara Luvanga. Mwaka 2023 alikwenda Hispania kuchezea Dux Logroño, na mwaka huo huo akasajiliwa na Al-Nassr ya Riyadh. Msimu wa 2023/24 Al-Nassr ikachukua ubingwa wa ligi ya wanawake ya Saudi Arabia, naye akiwemo.

Someni tena: Saudi Arabia. Nchi ya Makka na Madina. Hadi Januari 2018 mwanamke wa huko alikuwa haruhusiwi hata kuingia uwanjani kutazama. Mwaka 2022 wakaanzisha Ligi Kuu yao ya wanawake, na leo wanamlipa binti wa Kitanzania mshahara afunge magoli. Sisemi kila wanalofanya Wasaudia ni hoja ya sheria. Lakini wale wanaotwambia mwanamke kucheza mpira ni mambo ya Ulaya, sasa watafute jibu jipya.

Na Ulaya nako tumo. Aisha Masaka alipitia Alliance Girls ya Mwanza, timu iliyozaliwa katika skuli, kisha Yanga Princess. Mwaka 2022, hata miaka 20 hajafika, akaenda BK Häcken ya Sweden. Mwaka 2024 akawa Mtanzania wa kwanza kusajiliwa na klabu ya Ligi Kuu ya Wanawake ya Uingereza, Brighton. Skuli, klabu ya nyumbani, kisha kulipwa kwa kazi ya miguu yake. Uangalieni umri huo, mashoga. Ni ule ule ambao sisi tunapokea posa na kumwambia binti avue viatu. Cherahani utajifunza hata ukiwa na miaka 35. Chuo Kikuu utarudi hata ukiwa bibi. Mguu wa mshambuliaji haungoji.

Sasa tuzijibu hoja moja moja, kwa sababu najua mnazo.

Ya kwanza ni stara. Hii ni hoja ya haki na sitaipuuza. Kuna wakati FIFA ndio waliokuwa kikwazo: Juni 2011, mjini Amman, timu ya wanawake ya Iran ilizuiwa kucheza mechi ya kufuzu Olimpiki kwa sababu ya kufunika vichwa. Waislamu duniani walilalamika, na mwaka 2014 kanuni zikabadilishwa rasmi. Mwaka 2023 Nouhaila Benzina wa Morocco akawa mwanamke wa kwanza kuvaa hijabu katika Kombe la Dunia la wanawake, dhidi ya Korea Kusini, na Morocco wakashinda 1-0. Kwa hiyo mtandio, mikono mirefu na suruali ndefu ndani ya bukta havimzuii mtu tena.

Limebaki suala la macho ya wanaume. Sawa. Basi tudai saa za wanawake viwanjani, makocha wanawake, waamuzi wanawake na ukuta wenye staha. Zanzibar hatuanzi na sifuri: timu ya Women Fighters na kocha wake Nassra Juma walishatengenezewa filamu, Zanzibar Soccer Queens, mwaka 2007. Wanawake hao wapo na wanajua kufundisha. Anayesema tatizo ni stara, na alete pazia. Akikataa kuleta pazia na mpira pia akaukataa, basi stara haikuwa tatizo lake.

Hoja ya pili ni safari bila mahram. Hapa naomba tuwe wakweli. Tunawajua mabinti waliopelekwa Oman kufanya kazi za ndani, miaka miwili katika nyumba ya watu, mlango umefungwa. Wangapi kati yao waliondoka na mahram? Ukoo mzima ulikwenda kuwaaga, na pesa zilipoanza kuja tukasema alhamdulillah. Leo binti yule yule akiitwa Riyadh acheze mpira, akae na wenzake wa timu, awe na mkataba na daktari, ndipo mahram anakumbukwa. Nani katufundisha kwamba kudeki nyumba ya mtu peke yako ugenini ni salama kuliko kucheza mbele ya mwamuzi? Kama sharti ni mahram, liwe sharti kwa safari zote. Hiyo ndiyo dini. Kulikumbuka kwa mpira na kulisahau kwa ufagio si dini.

Hoja ya tatu husemwa kwa kunong’ona, chumbani, na masomo na makungwi: mpira utaharibu usichana wake, au hatazaa. Mashoga, utaji hutofautiana kwa kila mwanamke tangu kuzaliwa, na hakuna anayeweza kusoma mwenendo wa binti kwa kuutazama. Oktoba 2018 Shirika la Afya Duniani pamoja na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalisema wazi kuwa vipimo vya bikira havina msingi wowote wa kisayansi na vikomeshwe. Na kuhusu kuzaa, Alex Morgan wa Marekani alijifungua mtoto wa kike Mei 2020, akarudi uwanjani, akacheza tena Kombe la Dunia. FIFA wenyewe tangu Januari 2021 wamezilazimisha klabu kumpa mchezaji wa kulipwa likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14, kwa angalau theluthi mbili za mshahara wake. Jiulizeni ni kazi ngapi za mjini hapa zenye uzazi ulioandikwa kwenye mkataba.

Hoja ya nne ndiyo mama yao: mke wa mtu hachezi.

Katika Sunan ya Abu Daud imepokewa kuwa Bi Aisha (R.A.) alishindana mbio na Mtume (S.A.W.) wakiwa safarini, akamshinda. Baadaye, alipokuwa ameongezeka mwili, wakashindana tena na Mtume akamshinda, akamtania kwamba hii ni kulipa ile. Angalieni mambo mawili. Kwanza, alikuwa mke wa mtu, na mume mwenyewe ndiye aliyemwita kukimbia. Pili, katika mapokezi mengine Mtume aliwaambia watu watangulie mbele kwanza. Furaha ipo, mchezo upo, mwili una haki yake, na stara imepangwa. Mume hakumwambia mkewe akae chini. Alimtafutia nafasi.

Sisi tunamwambia akae chini.

Sasa nakuja kwako bibi harusi, hasa wewe uliyeficha viatu vya mpira chini ya kitanda ukingojea posa ipite. Usifiche. Kijana anayekuposa aambiwe kabla ya mahari kutajwa, mbele ya wazee wako: binti huyu anacheza, anataka kuendelea, na akiitwa na klabu ya kulipwa tutazungumza vipi? Usiseme tutaelewana ndani ya ndoa. Wengi wamesema hivyo, na viatu vikagaiwa wiki ya fungate.

Wala usidhani kuandika sharti kwenye karatasi kutakumalizia kila kitu. Mafuqaha wamekhitalifiana. Wanazuoni wa Kihanbali wanasema sharti lenye manufaa kwa mke na lisilopingana na sheria linamfunga mume, na akilivunja mke ana haki ya kudai ndoa ivunjwe. Katika madhehebu yetu ya Shafi’i, ndoa inasihi lakini masharti mengi ya namna hiyo hayamfungi mume. Kwa hiyo muulize Kadhi, uelewe unachosaini, na zaidi ya karatasi umtazame mtu mwenyewe. Aliyekupenda ukiwa unacheza, kisha akaona aibu ukiwa mkewe, hakukupenda wewe. Alipenda kushinda.

Na kwenu mama zangu na shangazi zangu, kwa heshima zote: acheni neno “jike dume”. Mtoto wa miaka kumi na tatu analisikia neno hilo mara moja akarudi nalo nyumbani maisha yake yote. Anayekimbia baada ya mpira hakuacha kuwa mwanamke. Atapika, atasali, ataolewa Inshaallah, na pengine atawajengea nyumba.

Kwetu mlango tayari ni mwembamba. Zanzibar si mwanachama wa FIFA, na uanachama wa CAF tuliupewa Machi 2017 ukaondolewa Julai ya mwaka huo huo. Binti wa Unguja akitaka Kombe la Dunia, njia yake ni Twiga Stars, na huko anashindana na wasichana wa nchi nzima ambao wengine walianza kulelewa na klabu tangu wakiwa skuli. Mlango mwembamba hivyo, halafu sisi wenyewe tunakaa kizingitini na mkeka.

Ninachoomba ni kidogo. Mama, safari hii binti yako akitoka mazoezini, muulize amefunga mangapi kabla ya kumuuliza nani kamuona. Somo, katika mafunzo yako ya ndoa ongeza hili moja, kwamba kipaji ni amana ya Mwenyezi Mungu na amana haitupwi. Na wewe bibi harusi, sema ukweli wako kabla ya nikaha, kwa adabu, kwa sauti inayosikika.

Atakayesema “ukiolewa utaacha”, mwambieni ataje aya au hadithi. Asipokuwa nayo, mpeni chai, na mtoto arudi mazoezini.

Wabillahi tawfiq.