Kila mtu na meza yake

Naombeni radhi, nimepotea kama wiki tatu hivi. Si kwamba nilikuwa nakula bata, la! Nilikuwa nimenuniana na mshkaji wangu kwa sababu ya kompyuta. Leo nimeona niyatoe moyoni.

Mnaijua ile mashine ya Linux kwenye maabara ya chuo chetu hapa katikati ya jiji, ile tunayoingia kila mtu na akaunti yake. Mradi wangu wa mwaka wa mwisho umo humo: hesabu za mauzo ya wafanyabiashara wadogo, nazichambua kwa R. Jamaa naye ana mradi wake, akahitaji R mpya. Akamwomba fundi wa maabara, fundi akaiboresha. Kesho yake asubuhi nafungua kazi yangu, hola! Mashine imetoka toleo la 3 kwenda la 4, na maktaba zilizojengwa kwa toleo la 3 lazima zisimikwe upya zote. Zimebaki siku mbili nimwone msimamizi wangu. Nikamvaa jamaa kwa maneno ambayo hapa siyaandiki. Akanijibu moja tu: "Sasa ulitaka mimi nifeli ili wewe ufaulu?"

Nilikesha nasimika maktaba, nikaenda kwa msimamizi na nusu ya michoro. Aibu yake naijua mwenyewe.

Siku iliyofuata nikatembea kwa miguu, Mnazi Mmoja mpaka Kariakoo, kutafuta flashi. Pale Mtaa wa Kongo meza zimebanana hadi pa kukanyaga hamna. Lakini tazama: wengi wanachukua mzigo kwenye stoo zilezile, na kila mtu ana meza yake. Huyu akiondoa viatu akaweka mitandio, viatu vya jirani haviguswi. Nikajiuliza, kwa nini sisi wasomi tunagombania meza moja?

Dawa ipo, wadau. Inaitwa Guix, programu huria ya kusimamia programu nyingine kwa kuandika amri. Ludovic Courtès aliianzisha mwaka 2012, kwa kufuata wazo la Nix ambayo Eelco Dolstra aliianza Uholanzi mwaka 2003. Na inavyofanya kazi ni Kariakoo tupu. Kuna stoo moja, folda ya /gnu/store, ambamo kila toleo la kila programu lina chumba chake. R mbili tofauti zinakaa humo bila kusukumana. Halafu kila mtumiaji ana meza yake, ~/.guix-profile, ambayo ni viungo tu vinavyoelekeza stoo. Ukiandika guix install r, inakuja kwenye meza yako peke yako, wala huhitaji neno la siri la msimamizi wa mashine. Wawili mkitaka toleo lilelile, stoo inatunza nakala moja. Umeboresha ukachemsha? Andika guix package --roll-back, unarudi ulipokuwa jana.

Najua mtasema: bando je? Kweli, mzigo wa kwanza ni mzito. Lakini mashine moja ikishapakua, inaweza kuwagawia nyingine za maabara kwa guix publish, au mzigo ukabebwa kwenye flashi kwa guix archive. Nafasi ya diski nayo inaliwa, maana matoleo ya zamani hayafutwi yenyewe. Futa usiyoyahitaji, kisha piga guix gc, stoo ifagiliwe.

La ukweli zaidi ni hili: fundi lazima akubali kuisimika mara moja. Akigoma, kuna Conda, ambayo unaiweka ndani ya folda yako mwenyewe bila kumwomba mtu ruhusa, na kila mradi unaupa mazingira yake.

Na wanaosema mambo haya ni ya Wazungu tu, wakumbuke Kilinux ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyotuletea Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004. Tukitaka tunaweza.

Msimamo wangu ni huu: kosa halikuwa la jamaa, wala la fundi. Fundi aliombwa akatenda. Kosa ni mpango wa kumfanya mmoja aharibikiwe ili mwenzake aendelee. Tunafundishwa kuandika programu miaka mitatu, lakini namna ya kuishi pamoja kwenye mashine moja hatufundishwi. Hilo liwe somo la wiki ya kwanza kabisa.

Jana nilimfuata jamaa, nikamwomba msamaha. Akacheka, akaninunulia chipsi mayai. Jumatatu tunakwenda wote wawili kwa fundi, tumeshika barua moja. Nitawaambia kimetokea nini.

Alamsiki.