Utrasaundi si Anasa kwa Mama wa Tuala

Hoja ya wanaopinga kununua utrasaundi ni hii: wenye magonjwa adimu ni wachache, mashine ni ghali, basi wajawazito wa Tuala, Kajiado, waridhike na kupapaswa tumbo. Hesabu mbovu.

Kwanza, mashine inayoonyesha mgongo wazi (spina bifida) wa mtoto tumboni ndiyo hiyo hiyo huonyesha pacha, kondo lililokaa vibaya na umri wa mimba. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 kila mjamzito apigwe picha ya utrasaundi angalau mara moja kabla ya wiki 24. Kila mjamzito, si wa Nairobi tu.

Pili, wanadai eti kuugundua ugonjwa usiotibika ni kumtesa mama bure. Usiotibika wapi? Mbale, Uganda, Daktari Benjamin Warf aliendeleza upasuaji wa watoto wenye maji kichwani usiohitaji mpira wa kudumu mwilini. Kijabe, hapa Kenya, watoto wa mgongo wazi hupasuliwa. Hata baada ya kuzaliwa, utrasaundi hupita kwenye utosi na kuonyesha ubongo bila mionzi. Mama aliyejua mapema hujifungulia penye mpasuaji. Asiyejua huanza kutafuta gari usiku.

Kaunti ya Kajiado inunue mashine na iajiri wataalamu wa kusoma picha zake. Uchache wa wagonjwa haujawahi kuwa sababu ya kuwaacha.