USHUJAA SI UDEREVA

Barabara ya Bububu, Mahonda hadi Mkokotoni ilipotengenezwa upya, wananchi tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Barabara njema humfikisha mkulima sokoni mapema na mgonjwa hospitali bila ya kutikiswa njia nzima. Lakini lami nzuri, Unguja na Pemba, imedhihirisha pia jambo ambalo hatuwezi kuendelea kulinyamazia. Baadhi ya vijana wetu, wengine wangali wanafunzi wa skuli, wameifanya barabara kuwa uwanja wa kupimana ubavu kwa pikipiki.

Jambo hili huonekana zaidi siku za Idi. Utawaona wawili, pengine watatu, wamepakiana juu ya pikipiki moja, vichwa wazi, wakiipita daladala kwenye kona. Anayevaa kofia ngumu huchekwa kuwa ni mwoga, na anayepunguza mwendo huambiwa hajui kuendesha.

Hapo ndipo penye kasoro. Vijana hao hawakosi wepesi wa mikono. Wanachokosa ni fikra sahihi. Wanadhani dereva hodari ni yule asiyeogopa, ilhali dereva hodari ni yule anayeweza kusimama kwa wakati. Pikipiki iendayo kilomita 40 kwa saa hupita mita 11 katika sekunde moja, kabla hata mwendeshaji hajawahi kukamata breki. Ikienda kilomita 80 hupita mita 22, na umbali inaouhitaji ili isimame baada ya breki kukamatwa huongezeka mara nne, si mara mbili. Mtoto anayevuka barabara kwenda chuoni hana habari ya hesabu hiyo.

Katika taarifa yake ya mwaka 2023, Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Shirika hilo husema pia kwamba kofia ngumu, ikivaliwa sawasawa, huweza kupunguza hatari ya kifo kwa zaidi ya mara sita. Basi kofia anayoichekelea kijana ndiyo inayoweza kumrejesha kwao akiwa hai.

Hata hivyo, si haki kumtwika kijana lawama zote. Aghalabu pikipiki hiyo hakuinunua yeye. Yuko baba au mjomba aliyempa ufunguo kwa mapenzi, na yuko tajiri aliyemkabidhi chombo, akamtaka hesabu kila jioni bila ya kumuuliza leseni. Mtoto anayemwona mzazi wake akifunga mkanda pale tu anapomwona askari hujifunza kuwa sheria ni kumwogopa askari, wala si kulinda uhai. Na dereva wa gari la Serikali anayepita kijijini kwa kasi huwasomesha vijana somo baya kuliko yote, kwamba mwendo wa kasi ni alama ya cheo.

Kwa hiyo tunavitaka vyombo vinavyohusika vihakikishe kuwa hakuna anayepewa leseni ila baada ya kupimwa kikamilifu barabarani. Ukaguzi usiwe wa msimu wa sikukuu peke yake, na mwenye chombo aliyemkabidhi mtoto asiye na leseni awajibishwe pamoja naye. Katika skuli, somo la usalama barabarani lifundishwe kwa hesabu na mifano, si kwa vitisho. Masheha nao wazungumze na wazazi katika shehia zao kabla ya msiba, wala wasingoje siku ya maziko. Ama viongozi, waanze kwa kuwaamuru madereva wao wapunguze mwendo.

Visiwa vyetu ni vidogo. Kutoka mjini hadi Nungwi au Makunduchi, au kutoka Mkoani hadi Konde, ni nadra safari isiyoweza kungoja dakika 10. Wahenga walisema mwendapole hajikwai. Vijana wetu wana haki ya kuisikia nasaha hiyo kutoka kwetu, na haki kubwa zaidi ya kutuona sisi wenyewe tukiifuata.