Bastola kubwa, risasi fupi: Soko la Marekani lagundua mkono wa mnunuzi

Kwa miaka mingi biashara ya bastola nchini Marekani imeendeshwa kwa kanuni mbili ambazo wenye maduka wengi waliziamini bila kuzihoji. Ya kwanza ni kwamba risasi yenye nguvu zaidi ndiyo bora. Ya pili ni kwamba risasi dhaifu, ikibidi kuuzwa, basi iuzwe ndani ya bastola ndogo ya kutia mfukoni. Mwaka 2018 kampuni ya Smith & Wesson ilizivunja kanuni zote mbili kwa mpigo mmoja. Ilitoa sokoni bastola iitwayo M&P 380 Shield EZ, yenye mpini wa kujaza kiganja, lakini inayotumia risasi ya .380 iliyozoeleka katika bastola za mfukoni. Bei iliyotangazwa ilikuwa dola 399.

Mzaha wa kwenye kaunta haukukosekana. Kwa nini mtu abebe bastola kubwa ambayo risasi yake ni dhaifu, wakati bastola ya ukubwa huohuo inapatikana kwa risasi ya milimita 9 yenye nguvu zaidi na bei nafuu zaidi? Hata hivyo, mwaka 2023 mshindani mkubwa wa kampuni hiyo, Sturm, Ruger & Co., naye alitoa Security-380 kwa dola 369, ikiwa na magazini ya risasi 15. Mwaka huohuo Beretta ya Italia ikairudisha familia yake ya zamani ya Cheetah kwa jina la 80X. Viwanda vitatu vya namna hiyo havitengenezi mitambo mipya kwa ajili ya mzaha. Kuna mnunuzi, na mnunuzi huyo alikuwa amesahauliwa.

Ni vema kwanza kuifahamu bidhaa yenyewe. Risasi ya .380 ilibuniwa na Mmarekani John Browning na kuingia sokoni mwaka 1908 pamoja na bastola ya Colt. Kipenyo chake ni kilekile cha milimita 9. Tofauti iko kwenye ganda, ambalo lina urefu wa milimita 17 badala ya 19 za risasi ya kawaida ya jeshi. Ndiyo maana Wajerumani na Waitaliano waliiita "9 fupi", jina linaloeleweka kuliko tarakimu za Kimarekani. Ganda fupi lina baruti kidogo. Risasi fupi hutoka na nishati inayokaribia joule 270, wakati ile ndefu hufikia joule 450 hadi 500. Kwa lugha ya duka, mteja anapewa kama nusu hivi ya nguvu.

Lakini nguvu inayotoka mbele hudai malipo yake nyuma. Kila bastola humpiga mpigaji teke, na teke hilo halitegemei risasi peke yake. Linategemea pia uzito wa chuma na plastiki iliyomo mkononi. Risasi ileile ikipigwa kwa bastola yenye uzito maradufu, nishati ya teke hupungua kwa nusu. Chukua bastola ya Ruger LCP iliyotoka mwaka 2008 na kuuzwa kwa wingi mno: ina gramu 270 hivi, nyepesi kuliko chupa ya soda iliyojaa. Security-380 ya kampuni ileile ina gramu 560 hivi. Risasi ni moja, lakini yule anayeshika LCP anapokea teke lenye nishati maradufu, tena kwenye mpini ambao kidole cha mwisho hakipati pa kushika. Ukipiga hesabu hiyo hadi mwisho unakuta jambo la ajabu kidogo: bastola ya mfukoni yenye risasi "laini" humpiga mwenyewe teke sawa na la bastola ya wastani yenye risasi ndefu, na pengine kumzidi.

Hapo ndipo kaunta za Marekani zilipokosea kwa muda mrefu. Mama wa miaka sitini na kitu akiingia dukani na kusema mikono yake haina nguvu, alionyeshwa kitu kidogo, kwa mantiki kwamba mkono mdogo unataka bastola ndogo. Au alipewa bastola nyepesi ya mzunguko yenye risasi tano, kwa sababu haina haja ya kukokiwa. Hakuambiwa kwamba kifyatuo cha bastola hiyo kinaweza kudai kuvutwa kwa nguvu ya kilo tano, kwa kidole kimoja, kila risasi. Alilipa, akaenda uwanja wa shabaha, akapiga magazini moja au mbili, mkono ukauma, na silaha ikalala kwenye droo ya kitanda. Muuzaji alihesabu mauzo. Mteja alibaki na kitu anachokiogopa mwenyewe.

Tatizo jingine ni kukoki. Bastola ndogo nyingi za zamani za .380, kama Walther PPK, hazina kifungo cha kuushikilia mtutu wakati risasi inalipuka; zinategemea springi ngumu na uzito wa sehemu ya juu. Springi hiyo ndiyo inayomshinda mwenye ugonjwa wa viungo vya vidole. Shield EZ na Security-380 zina mtutu unaojifunga, kwa hiyo springi inaweza kulegezwa. Nafasi kubwa ya kushika sehemu ya juu nayo inasaidia. Smith & Wesson iliongeza hata vitufe pembeni mwa magazini, ili kidole gumba kisiumie wakati wa kupakia risasi nane. Vitu vidogo, lakini ndivyo vilivyokuwa vikimzuia mnunuzi, na hakuna hata kimoja kinachohusu ukali wa risasi.

Soko hilo lina ukubwa gani? Sensa ya Marekani ya mwaka 2020 ilihesabu watu milioni 55.8 wenye umri wa miaka 65 na zaidi, karibu mmoja kati ya kila sita. Wapo pia wanunuzi wapya. Utafiti uliochapishwa katika jarida la tiba la Annals of Internal Medicine ulikadiria kwamba kati ya Januari 2019 na Aprili 2021 watu wazima milioni 7.5 nchini humo walimiliki silaha kwa mara ya kwanza, na karibu nusu yao walikuwa wanawake. Si kila mwanamke ana mkono dhaifu, na wauzaji wanaodhani hivyo wamekwisha kupoteza wateja wengi. Lakini mtu ambaye hajawahi kushika silaha hana sababu ya kuona fahari katika teke. Fahari hiyo ni ya wazoefu, na wazoefu tayari wana bastola tatu nyumbani.

Watetezi wa risasi kali wana hoja, nayo haifai kupuuzwa. Shirika la upelelezi la FBI hutaka risasi ipenye kati ya inchi 12 na 18 katika jeli ya majaribio, yaani sentimita 30 hadi 46, na risasi nyingi za .380 zinazotanuka hukwama kabla ya kufika huko. Jibu la kwamba risasi fupi "inatosha" hutolewa kirahisi mno na wenye bidhaa ya kuuza. Ila FBI haohao ni mashahidi wa upande wa pili. Baada ya mapambano ya Miami ya mwaka 1986, ambamo maofisa wawili waliuawa, shirika lilikimbilia risasi kubwa ya milimita 10, likaona inawashinda maofisa wengi, likashuka hadi .40, na mwaka 2014 kitengo chake cha mafunzo kikapendekeza kurudi milimita 9. Sababu moja iliyotolewa ni kwamba wapigaji wengi huwa wepesi na wenye shabaha zaidi wakiwa na teke dogo. Kama hivyo ndivyo ilivyo kwa ofisa aliyefunzwa kwa fedha za serikali, itakuwaje kwa ajuza aliyefunzwa Jumamosi moja?

Wala isidhaniwe kwamba risasi fupi ni mchezo wa watoto. Bastola iliyomuua mwana mfalme Franz Ferdinand wa Austria na mkewe mjini Sarajevo mwaka 1914 ilikuwa FN ya 1910 yenye risasi hiyo. Bastola iliyomuua Mahatma Gandhi mjini Delhi mwaka 1948 ilikuwa Beretta ya 1934, risasi ileile. Neno "laini" linahusu mkono wa mpigaji, halimhusu anayepigwa.

Upungufu halisi wa bidhaa hii uko kwenye boksi la risasi. Milimita 9 ndefu ni risasi ya majeshi na polisi wa nchi nyingi, hivyo hutengenezwa kwa wingi ambao risasi fupi haiwezi kuufikia. Matokeo yake ni kwamba risasi yenye baruti kidogo na shaba kidogo huuzwa kwa bei ya juu zaidi. Mwanafunzi wa biashara wa mwaka wa kwanza angeweza kulieleza jambo hili, lakini mnunuzi huligundua akiwa amekwisha kulipia bastola. Kwa mtu mwenye kipato cha pensheni, tofauti hiyo inaamua kama atafanya mazoezi kila mwezi au mara moja kwa mwaka. Ukitaka kujua kama kiwanda kinamjali mteja huyu kweli, usitazame matangazo ya bastola. Tazama kama kuna mtu anayehangaika kushusha bei ya boksi. Hadi sasa juhudi hazionekani.

Smith & Wesson yenyewe ilijaribu kukwepa tatizo hilo kwa kutoa Shield EZ ya milimita 9. Kukoki kulibaki rahisi, risasi ikawa ya bei nafuu, lakini teke likarudi. Tena Novemba 2020 kampuni ililazimika kuziita kiwandani bastola za aina hiyo zilizotengenezwa kati ya Machi na Oktoba mwaka huo, kwa sababu nyundo za baadhi yake hazikutengenezwa kwa vipimo na kulikuwa na hatari ya kufyatua zaidi ya risasi moja. Haraka ya mwaka ule, ambapo kila kilichotoka kiwandani kilinunuliwa, ilikuwa na gharama zake.

Na lipo jambo ambalo matangazo hayaligusi kabisa. Bastola iliyorahisishwa kwa mkono wa bibi imerahisishwa pia kwa mkono wa mjukuu. Springi ngumu haikuwekwa kama kufuli, lakini katika nyumba nyingi ilifanya kazi ya kufuli. Shield EZ ina kizuizi nyuma ya mpini kinachotaka kubanwa kabla ya kufyatua, nacho ni bora kuliko kutokuwapo, ingawa mkono wowote unaoshika mpini sawasawa hukibana. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa silaha za moto nchini Marekani, na 26,328 kati yao walijiua wenyewe. Wazee wanaume wamo katika kundi la watu wanaojiua kwa kiwango cha juu. Kwa hiyo soko linalolengwa na bastola hii ndilo hilohilo ambalo silaha kwenye droo isiyofungwa ni hatari kubwa kwake. Kiwanda kinachotangaza urahisi wa kukoki kingepaswa kuuza sanduku la kufuli kwenye boksi lilelile na kupandisha bei kwa dola kadhaa. Mteja angelipa.

Kwa upande wa fedha, mvuto wa bidhaa hizi unaeleweka zaidi ukitazama vitabu vya hesabu. Mauzo ya Smith & Wesson yalifikia dola bilioni 1.06 katika mwaka wa fedha ulioishia Aprili 2021, yakashuka hadi milioni 864 mwaka uliofuata, kisha milioni 479 katika ule ulioishia Aprili 2023. Ruger nayo ilitoka dola milioni 730.7 mwaka 2021 hadi milioni 535.6 mwaka 2024. Hofu ya wakati wa korona iliyojaza maduka ilipoisha, aliyebaki ni mteja wa kushawishiwa mmoja mmoja. Mzoefu hanunui bastola ya nne ya milimita 9 kwa sababu imebadilishwa rangi. Bibi mwenye vidole vilivyokakamaa, ambaye miaka ishirini alikuwa akiondoka dukani mikono mitupu au na kitu kisichomfaa, ni mauzo mapya kabisa.

Hivyo Security-380 na wenzake hawakuzaliwa kwa huruma. Walizaliwa kwa sababu rafu zilikuwa zimejaa. Lakini mnunuzi hana haja ya kuuliza nia ya muuzaji ikiwa bidhaa inamfaa, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu inamfaa. Kilichobaki ni bei ya boksi la risasi hamsini, ambayo mwenye duka huitaja mwisho, wakati kadi ya benki imekwisha kupita kwenye mashine.