Chupa ya Maji Darasani

Nikiwa mwanaisimu, nalipenda neno "selimundu", ugonjwa ambao wengi wetu twauita siko seli. Laeleza umbo barabara: chembe nyekundu ya damu iliyopindika kama mundu. Lakini halitaji kiu wala kinywa. Figo za aliyerithi ugonjwa huu hushindwa kuhifadhi maji, naye hukojoa mara kwa mara. Maji yakipungua mwilini, mate nayo hupungua. Na mate ndiyo yaoshayo meno na kupunguza makali ya asidi. Jino likioza, maambukizi yake yaweza kuchochea maumivu makali ya mifupa.

Hapa Maungu, penye ukame na jua kali, kanuni ya "hakuna kunywa, hakuna kutoka" yafaa itazamwe upya. Kwa wengi ni nidhamu tu. Kwa mtoto huyu ni hatari. Walimu wenzangu, mwacheni awe na chupa yake ya maji, na atoke anapohitaji. Nanyi wanafunzi, msimcheke. Mzazi naye ampeleke kwa daktari wa meno kabla jino halijauma.