Gari Kongwe si Mkweche: Sheria Ipime Uzima, si Umri

Nilipokuwa nikingoja gari la kunitoa Kenyenya hadi Ogembo, nilimtazama fundi mmoja wa jua kali akichomelea nusu ya mbele ya Probox moja kwenye nusu ya nyuma ya nyingine. Kazi yake ilikuwa safi. Baada ya kupigwa msasa na kupakwa rangi, mshono ule haungeonekana na jicho la abiria. Nikamwuliza, "Sasa ndugu yangu, gari hili litakuwa lipi kati ya yale mawili?" Akacheka, akanijibu, "Mwalimu, litakuwa lile lenye karatasi."

Jibu hilo halijanitoka akilini. Jembe la babu likibadilishwa mpini mwaka huu, na mwaka ujao likabadilishwa bapa, nyumbani tutaendelea kuliita jembe la babu, wala hapana atakayedhurika. Lakini hakuna anayepanda jembe na watoto wake kuteremka milima ya Gusii wakati wa mvua. Gari ni jambo jingine. Abiria ana haki ya kujua amekalia nini.

Mimi ni mwanaisimu, na kazi yangu ni maneno. Kiswahili, kwa hekima yake, hakikuridhika na neno moja la kutaja kitu kilichoishi miaka mingi. Tunalo neno kongwe, ambalo lina heshima ya uzee ndani yake. Tunalo kuukuu, yaani kilichochakaa kwa kutumiwa. Tena tunalo mkweche, ambalo ni gari lililokwisha, linalotembea kwa rehema za Mola. Maneno haya matatu hayapimi miaka tu, bali hali ya kitu. Magari mawili yaliyoundwa siku moja yaweza kuwa moja kongwe na la pili mkweche.

Nchi yetu yaijua tofauti hiyo inapotaka. Jijini Nairobi, mashindano ya Concours d'Elegance, yaliyoanza mwaka 1970, huwakusanya wenye magari ya zamani yanayong'aa kama sahani, na waamuzi huyakagua hadi chini ya boneti. Tangu mwaka 2003 yamekuwepo pia mashindano ya Safari ya magari ya kale. Humo hakuna anayelidharau Peugeot 404 kwa sababu ya umri wake, maana aina hiyo ilishinda Safari mwaka 1963, na kisha miaka mitatu mfululizo kuanzia 1966. Tajiri akiwa na gari la zamani husifiwa kwa kuhifadhi historia. Mkulima wa Kenyenya akiwa na gari la umri uo huo, husimamishwa kila kizuizi.

Kwa upande mwingine, sheria zetu zimeelemea kuhesabu miaka. Gari lililotumika haliruhusiwi kuingia nchini likiwa limezidi miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Mwaka 2025 Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani ilitoa rasimu ya kanuni zilizopendekeza kwamba hata magari ya kibinafsi yaliyozidi miaka 4 tangu kuundwa yawe yakikaguliwa. Sipingi ukaguzi hata kidogo. Tangu sheria ya mwaka 1984 iliyoyatia matatu katika utaratibu wa leseni na ukaguzi, hadi kanuni za Waziri John Michuki zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, tumejifunza kwamba abiria asipolindwa na sheria hatalindwa na yeyote. Nisemalo ni kwamba umri ni sababu ya kulitazama gari, si hukumu. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Probox ile niliyoiona ikiunganishwa ilikuwa changa kuliko magari mengi yanayopita hapo, na huenda ndiyo iliyokuwa ya hatari zaidi.

Tatizo kubwa, basi, si gari la zamani bali gari lisilo na jina la kweli. Sheria yamtaka mwenye gari kuiarifu afisi ya usajili anapobadilisha mambo yaliyoandikwa katika kitabu cha gari, kama vile rangi au injini. Lakini fundi wa sokoni na mteja wake huona kwamba kusema kweli kutawaletea gharama, safari za mjini na mashaka mengi, ilhali kunyamaza hakuna gharama yoyote. Wananyamaza. Karatasi za gari lililokufa zinapewa mwili mwingine, na siku ya ajali hatujui kilichoanguka ni kitu gani.

Wenzetu wa Uingereza walikabiliana na swali hili kwa hesabu. Kwa miaka mingi, gari lililobadilishwa sana lilipewa alama kwa kila sehemu ya asili iliyobaki: fremu alama 5, springi, ekseli, giaboksi na usukani alama 2 kila kimoja, injini alama 1. Lilihitaji alama 8, fremu ikiwemo, ili lisipoteze nambari yake. Lililoshindwa halikutupwa. Lilikaguliwa upya, na kama asili yake haikujulikana lilipewa nambari yenye herufi Q, ili kila mnunuzi atambue. Tazama kwamba injini, ambayo sisi huiona kuwa ndiyo roho ya gari, ilipewa alama moja tu. Kinachomhifadhi abiria ni mifupa.

Napendekeza tuwe na daraja rasmi la gari lililoundwa upya, lenye nambari yake na ada ambayo mtu wa kijijini ataimudu. Pili, wakaguzi na vifaa vyao wafike masokoni kama Kenyenya kwa siku zinazojulikana, badala ya kungoja wananchi mijini. Tatu, fundi atie sahihi kazi yake, na vyuo vya kiufundi vimpe mtihani na cheti. Atakayeshindwa kupita ukaguzi aambiwe sababu na apewe muda wa kurekebisha. Atakayeunganisha fremu mbili kisiri akabeba abiria, gari lake liondolewe barabarani.

Wapo watakaosema kwamba hayo yatawanyima madereva riziki. Nami nawauliza walimu wenzangu na wanafunzi, ambao ndio tunaojazana ndani ya magari hayo kila muhula unapofungwa na kufunguliwa: riziki hiyo inatoka kwa nani, kama si kwetu? Tunayo haki ya kuuliza gari ni lipi kabla ya kuuliza nauli ni ngapi. Na siku fundi wa Kenyenya atakapoweza kunijibu, bila hofu, "Mwalimu, hili ni jipya, nimeliunda mimi, na limekaguliwa," nitapanda.