Tususie, lakini dai ni lipi?

Juni 1997, Wabaptisti wa Kusini, dhehebu kubwa kuliko yote ya Kiprotestanti nchini Marekani, waliazimia kuisusia Disney. Kosa lake: filamu walizoziona chafu, na bima ya afya kwa wapenzi wa jinsia moja wa wafanyakazi wake. Mwaka 2005 waliusitisha mgomo huo. Bima ilikuwa palepale.

Hatuwalaumu kwa kususia. Fedha ni ya mnunuzi, naye haulizwi kwa nini kapita duka hili akaingia lile. Ila malalamiko yao yalikuwa mengi mno, hata ikawa vigumu kujua wangeridhika na lipi.

Mgomo dhidi ya Nestlé, ulioanza Marekani mwaka 1977, ulijua unachotaka: kampuni iache kuyapigia debe maziwa ya kopo ya watoto katika nchi maskini, ambako mama mara nyingi hana maji salama ya kuyachanganyia. Mwaka 1981 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha kanuni za biashara hiyo kwa kura 118 dhidi ya moja, nayo ilikuwa ya Marekani. Mgomo ulisitishwa 1984 Nestlé ilipoahidi kuzifuata. 1988 ukarejea, wanaharakati wakisema ahadi imevunjwa. Kenya ilitunga sheria yake kuhusu maziwa hayo mwaka 2012.

Wanaotusambazia WhatsApp orodha za bidhaa za kususia, basi, watujibu jambo moja: kampuni ifanye nini ndipo turudi kununua?